Tundu la Mguuni mwa Ukuta

Kazi yake ilikuwa kuziba nyufa za zege chini ya maji, ndiyo maana watu wakamwita Nyufa. Fundi Nyufa. Jina alilozaliwa nalo lilibaki kwenye kitambulisho na kinywani mwa mama yake, na mama yake alipofariki likabaki kwenye kitambulisho tu.

Mji mzima ulikunywa maji ya bwawa moja. Bwawa lenyewe lilizuiwa na ukuta wa zege uliojengwa kabla hajazaliwa, mrefu kwenda juu kama jengo la ghorofa tano, na zege, asikudanganye mtu, huzeeka. Chuma cha ndani hushika kutu, kikavimba, kikalisukuma zege likabanduka vipande vipande. Upande wa nje, uliokauka, mafundi wa kawaida walipanda jukwaa wakapiga lipu huku wakisikiliza redio. Upande wa ndani alishuka yeye.

Alishuka amevaa kofia ya kuzamia yenye mpira wa hewa, na mpira ule ulipanda mpaka kwenye kompresa iliyonguruma juu ya ukuta. Kiunoni alifungwa kamba. Kule chini hakuna cha kuona. Maji ya bwawa yana tope, na ukishapita mita nne taa ya kichwani haiangazi chochote isipokuwa hilo tope, kama umetumbukiza tochi ndani ya chai ya maziwa. Basi Fundi alifanya kazi kwa vidole. Aliupapasa ukuta mpaka akaupata ufa, akaufuata mwanzo hadi mwisho kama mtu anayetafuta mshono wa shati gizani. Alisugua ukoga kwa brashi ya waya, akachonga zege bovu kwa patasi hadi akafika kwenye zege zima, lile ambalo ukilipiga linakurudishia nyundo. Ndipo alipoagiza gundi.

Gundi hiyo ni vitu viwili, kimoja cheupe na kingine cheusi, vinakandwa pamoja mpaka vinakuwa kijivu kisicho na mistari, halafu inateremshwa kwa ndoo. Haina subira. Ukichelewa inageuka jiwe kiganjani. Unakata donge, unalisukumiza kwenye ufa kwa dole gumba, unayafukuza maji yaliyomo, kisha unashikilia. Unashikilia mpaka mkono ufe ganzi, maana ukiuondoa mapema donge linakuja nao.

"Ni kama kukanda unga," alimweleza mkewe walipokuwa wachanga katika ndoa.

"Unga gani huo usioliwa?" mkewe akajibu. "Na bakuli langu kubwa liko wapi?"

Bakuli lilikuwa limeshaenda kukandia gundi. Mkewe alinuna siku mbili, ya tatu akacheka, na tangu hapo kila kitu kilichopotea nyumbani, hata sindano, ilisemekana kimekwenda kuziba bwawa.

Walikuwa na binti mmoja, na walikaa nyumba ya vyumba vitatu iliyo karibu na lango la idara ya maji. Chumba cha nyuma kilikuwa cha mdogo wake mkewe. Huyu alikuja kuwatembelea kwa wiki mbili akakaa miaka kumi na mmoja. Fundi alimwita Shemeji, na kwa kuwa Fundi alimwita hivyo, kazini wote wakamwita Shemeji: meneja, walinzi, hata wanaume ambao hawakuwa na dada wa kumwoza mtu. Yeye ndiye aliyekuwa mshika kamba.

Usidhani kushika kamba ni kazi ya mtu aliyekosa kazi. Mzamiaji akiwa chini, kamba ndiyo masikio yake na ndiyo mdomo wake. Mvuto mmoja kutoka juu ni swali: uko salama? Mvuto mmoja kutoka chini ni jibu: salama. Miwili, nilegezee. Minne, nivute. Shemeji alikuwa na mkono mwepesi, alisikia hata Fundi akihama kutoka goti hili kwenda goti lile. Kinywa chake nacho hakikujua kufunga. "Shemeji," angesema akimkaza mkanda, "ukikaa sana huko chini, dada yangu namtafutia mume mwenye nywele kavu." Alikuwa na cheti cha kuzamia yeye pia, na sehemu zisizo na kina alishuka mara kwa mara, ila wote wawili walijua fundi ni nani.

Sasa, mguuni mwa ukuta, mita kumi na mbili chini ya maji, palikuwa na tundu. Lilikuwa mdomo wa bomba la kutolea tope, upana wake kama kisahani cha chai. Bomba lilipenya ukuta likatokea upande wa pili, kwenye kijumba chenye koki kubwa ya gurudumu la chuma. Koki ikifungwa, maji ndani ya bomba yametulia tuli, unaweza kuingiza mkono ukapapasa kutu. Koki ikifunguliwa, bwawa lote linataka kupita hapo kwa mara moja. Watu wa nje hudhani hatari ya mzamiaji ni kukosa hewa. Mzamiaji mwenyewe anaogopa tundu dogo ambalo upande wake wa pili hauna kitu.

Kwa hiyo palikuwa na sheria, na aliyeiweka alikuwa Fundi mwenyewe. Kabla mtu hajashuka karibu na tundu lile, Fundi aliteremka ngazi mia moja na arobaini hadi kwenye kijumba, akafunga koki kwa mikono yake, akapitisha mnyororo kwenye gurudumu na kutia kufuli. Kufuli lilikuwa lake na ufunguo ulikuwa mmoja. Alipanda nao mfukoni, na haukutoka mfukoni mpaka mzamiaji awe amekaa juu ya ukuta anakunywa chai. Kwa miaka ishirini na miwili hakuwahi kuikiuka.

Mwaka ule zege lililozunguka mdomo wa bomba lilikuwa limeoza. Vipande vilibanduka, tope halikutoka tena vizuri, likafika hadi kwenye bomba la maji ya mji, na mabombani mwa mji maji yakaanza kutoka ya rangi ya udongo. Kazi ilipangwa iishe kabla ya mvua. Ijumaa Fundi aliamka na sikio la kushoto linamuuma. Jumamosi lilitoa usaha. Jumapili alilala ameliegemeza kwenye chupa ya maji ya moto, na Jumatatu asubuhi alikwenda kazini kichwa kimepinda upande mmoja.

"Huwezi kushuka na sikio hilo," Shemeji alimwambia. "Litapasuka ukifika mita tatu."

"Tuahirishe."

Meneja hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na simu mkononi, na kwenye simu palikuwa na picha za vikombe vya maji machafu ambazo watu walimtumia tangu alfajiri. "Mpaka lini, Fundi?" aliuliza. "Mvua ikinyesha hatushuki mpaka mwaka ujao."

"Nitashuka mimi," Shemeji akasema. "Kazi ya leo ni kusugua tu na kuchonga. Gundi utaipaka mwenyewe ukipona. Wewe nishikie kamba, uonje jua la kazi yangu."

Fundi alifikiri, akakubali. Akatazama ngazi. Ngazi mia moja na arobaini kushuka, mia moja na arobaini kupanda, na kila hatua ilikuwa inagonga ndani ya sikio kama mtu anayepigilia msumari. Kufuli alikuwa nalo mfukoni. Akatoa simu, akampigia mtu wa koki.

"Imefungwa?"

"Imefungwa, Fundi. Nimeikaza mwenyewe."

Na ilikuwa kweli. Ilikuwa imefungwa, tena imekazwa. Fundi akashukuru, akarudisha simu mfukoni, akamfunga shemeji yake kamba kiunoni.

Saa nne kamili mtu wa koki alibadilishana zamu. Alikuwa na mtoto mgonjwa nyumbani, akaondoka mbiombio, na alichopaswa kukisema hakukisema. Mwenzake aliyeingia alikuta gurudumu liko huru, halina mnyororo wala kufuli. Ukutani palikuwa na ubao wa ratiba, na ratiba ilisema Jumatatu, saa nne, fungua utoe tope. Akavua koti, akalishika gurudumu, akalizungusha.

Juu ya ukuta Fundi aliona kamba imekaza. Haikuvutwa. Ilikaza tu, ikatulia. Akavuta mara moja: uko salama? Kimya. Akavuta tena. Ndipo kamba ikaanza kutetemeka mivuto isiyohesabika, na ghafla ikaacha.

Aliyekuwa naye pale ni fundi wa kompresa, mwanamke wa makamo, mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Fundi alimwambia neno moja: "Koki." Yule mama akatupa kitambaa alichokuwa anafutia mafuta, akashuka ngazi zile anakimbia kama binti wa shule. Fundi akavaa mtungi wa hewa wa akiba na kushuka.

Alipofika mita tano sikio lilipasuka. Halikuuma kama alivyotarajia. Lilitoa mlio wa kitambaa kinachochanwa, maji ya baridi yakaingia kichwani, na bwawa lote likaanza kuzunguka, juu ikawa chini. Aliishika kamba ya mwenzake kwa mikono miwili, akaifuata hivyo hivyo huku akitapika ndani ya barakoa, mpaka vidole vyake vikagusa bega.

Shemeji alikuwa amebanwa kifua kwenye ukuta kama karatasi iliyobandikwa. Mkono wake wa kulia haukuwapo. Ulikuwa umeingia tunduni wote, mpaka kwapani. Fundi alimshika kiunoni akavuta. Akaweka miguu ukutani akavuta tena. Ilikuwa sawa na kuuvuta ukuta. Hewa ilikuwa bado inapita kwenye kofia ya shemeji yake, aliisikia kwa viganja. Basi akaacha kuvuta. Akaupapasa mkono wa kushoto, uliokuwa huru, akaushika.

Mkono ule ukamminya. Mara moja tu.

Wakakaa hivyo. Ripoti baadaye iliandika dakika kumi na moja. Kisha ukuta ukamwachia Shemeji, taratibu, kama mlango unaofunguliwa na mtu asiye na haraka, na Fundi akapanda naye.

Mkono ulikatwa hospitalini siku ile ile, kuanzia begani. Mkewe Fundi alifika na kanga ya kufulia mabegani, alikuwa anafua alipoitwa. Hakulia. Alimtazama mumewe aliyekuwa amekaa kwenye benchi na pamba sikioni, nguo zimelowa.

"Nani alishuka?"

"Yeye."

"Na kamba alishika nani?"

"Nilishika mimi."

Alikaa kwenye benchi hilo hilo, mwisho wa pili.

Wiki mbili baadaye meneja alimwita Fundi ofisini. Juu ya meza palikuwa na karatasi iliyokwisha kuchapwa. Meneja aliisukuma kwake, halafu akageukia dirishani ili asimtazame akisoma. Iliandikwa kwamba mzamiaji alianza kazi bila kuhakikisha kuwa koki imetiwa kufuli kama inavyotakiwa. Mzamiaji. Si msimamizi wa mzamiaji.

"Hii si kweli," Fundi alisema.

"Najua."

"Kufuli lilikuwa langu."

"Najua, Fundi." Meneja aligeuka. "Nikiandika jina lako unafukuzwa leo na kesho unaitwa mahakamani. Yeye kazi ya kuzamia hataifanya tena, ikiandikwa hivi au vile. Mkono hauoti. Lakini wewe ukiondoka, nyumba ile italishwa na nani? Naye mwenyewe atakula kwa nani?"

Fundi alisema anahitaji kufikiri, na meneja akasema afikiri. Alifikiri akiwa amekaa pale pale. Saa ya ukutani ilikuwa na mlio, na kwa kuwa sikio moja lilikuwa limekufa alishindwa kujua mlio unatoka upande gani. Mwishowe akachukua kalamu.

Hakumwambia mtu. Alijisemea kwamba karatasi zile huishia kabatini. Lakini nakala hutumwa kwa mhusika, na mhusika alikuwa anakaa chumba cha nyuma. Bahasha iliposhushwa mlangoni Shemeji hakuweza kuifungua kwa mkono mmoja, akamwita dada yake. Dada akaichana, akamsomea kwa sauti, tangu juu mpaka chini, na alipofika kwenye sahihi akaiweka karatasi mezani, kwa sababu sahihi ile aliijua. Iko kwenye cheti chake cha ndoa.

Fundi aliporudi jioni aliwakuta sebuleni wote wawili. Karatasi ilikuwa juu ya meza, imewekewa kikombe isipeperuke. Binti yao alikuwa ametumwa dukani.

"Ulitia sahihi, shemeji?" Shemeji aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Nilitia."

"Ulishika kalamu kwa mkono upi?"

Fundi alitazama chini. "Wa kulia."

"Vizuri," Shemeji alisema. "Uutunze."

Huo ndio ulikuwa mzaha wake wa mwisho katika nyumba ile, kama ni mzaha.

Fundi alianza kueleza. Alieleza juu ya meneja, juu ya kufukuzwa, juu ya nani angewalisha. Kadiri alivyoeleza ndivyo maneno yalivyozidi kuwa ya kweli na ndivyo yalivyozidi kunuka. Mkewe alimwacha amalize.

"Baba watoto," alisema, "ungeniambia nife njaa na mdogo wangu, ningekufa. Hukuniuliza."

Tangu siku ile hakumtukana wala hakumnyima chakula. Nguo zake zilifuliwa, maji ya kuoga yalipashwa. Ila alipokuwa na neno la kumwambia, alilisemea upande wa kushoto, upande wa sikio lililokufa, kwa sauti ya chini, akaenda zake. Fundi alikuwa anaona midomo yake ikitembea tu. Mwanzoni aligeuza kichwa haraka amuulize, "Umesemaje?" Mkewe alikuwa ameshafika jikoni. Baadaye akaacha kugeuka.

Na tundu lilikuwa bado lipo. Hilo ndilo watu hawalifikirii. Mtu anakatwa mkono, watu wanalia, karatasi zinaandikwa, na zege linaendelea kubanduka. Maji ya mji yalikuwa bado mekundu. Meneja alitafuta wazamiaji kwingine. Wawili walikuja, wakasikia habari, wakatazama maji kwa muda mrefu na kurudi walikotoka. Daktari wa masikio alikuwa amemkataza Fundi kabisa. "Ukishuka tena," alimwambia, "sikio hilo halitarudi, na utakuwa unatembea kama mlevi maisha yako yote."

Mvua zilikuwa zimebakiza wiki tatu. Fundi alikwenda kwa meneja asubuhi moja bila kuitwa.

"Nitaziba mimi."

Alishuka siku tisa. Koki ilifungwa, ikatiwa makufuli mawili, na yule mama wa kompresa akakaa ndani ya kijumba kutwa nzima na nyundo mapajani. Kamba ilishikwa na mtu mgeni ambaye mkono wake ulikuwa mzito kama gogo. Chini kule kichwa kilizunguka, Fundi akalazimika kujifunga kwenye ndoano ya chuma ukutani asielee ovyo. Alisugua. Alichonga zege bovu pembeni mwote mwa mdomo wa bomba, na kila alipopeleka mkono karibu na tundu, mkono wenyewe ulikataa, ukarudi. Ilimbidi auambie kwamba koki imefungwa. Kwenye kingo za zege vidole vyake vilikuta kipande cha mpira mwembamba kimenasa. Kilikuwa cha glavu. Alikibandua kwa patasi akakiachia tope likichukue.

Akaagiza gundi. Akaipaka donge kwa donge, akashikilia kila donge mara mbili ya muda wake. Siku ya saba akafunga ubao wa duara kuzunguka mdomo, akamwaga ndani yake saruji ile nzito isiyoyeyuka majini. Siku ya tisa akafungua ubao na kupapasa. Kiraka kilikuwa laini pande zote za mdomo wa bomba, bila upenyo hata wa kuingiza ukucha. Katika miaka ishirini na miwili hakuwahi kuziba kitu vizuri hivyo, na hakuhisi chochote. Alipanda.

Nyumbani hakuwa amemwambia mtu, lakini gundi ile ina harufu yake.

"Umeshuka," mkewe alisema, safari hii akiwa mbele yake.

"Nimeshuka."

"Umeziba?"

"Nimeziba."

Mkewe alifungua bomba la jikoni, akaacha maji yatiririke kwenye sufuria, akayatazama. "Haya," alisema. "Watu wanywe."

Alichosema daktari kikawa. Fundi hakuzamia tena. Alipewa kazi ya stoo, kutoa brashi na patasi kwa wengine, na hata pale alitembea akigusa rafu kwa mkono mmoja asianguke. Vijana wapya walidhani ni mlevi. Wale waliotaka kumchangamsha walimwambia usipoziba ufa utajenga ukuta, wakacheka, naye akatabasamu kwa adabu.

Shemeji alikaa nao mwaka mmoja zaidi. Alijaribu kujifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Alimwomba binti yao daftari la zamani, akajaza kurasa sita za herufi zilizolala kama nyasi zilizokanyagwa, kisha akaliacha chini ya godoro. Alikuwa anaamka amechelewa. Alikuwa anakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma na kumwambia dada yake kwamba vidole vinamuwasha, vile visivyokuwepo, na dada yake alikuwa hana pa kumkuna. Mwishowe kaka yao mkubwa, aliyekuwa na shamba mbali na mji, alituma ujumbe kwamba aende akakae kwake.

Siku ya kuondoka Fundi alimbebea begi hadi barabarani. Walisimama wakisubiri gari. Kulikuwa na jambo ambalo Fundi alitaka kumuuliza tangu siku ile: ule mkono uliomminya chini ya maji mara moja, ulikuwa unauliza au unajibu? Ulikuwa unasema salama, au ulikuwa unamuuliza yeye, aliyeshika kamba, kama kuna usalama? Gari likafika. Aliogopa jibu, hakuuliza.

"Msalimie kaka," alisema.

"Zitafika," Shemeji akajibu, akapanda.

Miaka mitatu baadaye mvua zilikataa. Bwawa lilipungua wiki hadi wiki, ukuta ukajitokeza, kwanza mweupe, halafu wa kijani, halafu mweusi, mpaka watu wa mji wakaanza kuja jioni kuutazama. Likafika chini kabisa. Idara ikawa inaleta maji kwa malori, na sakafu ya bwawa ikakauka ikapasuka vigae vigae.

Jumapili moja mkewe alisimama mlangoni amejitanda. "Nataka kupaona," alisema.

Hawakuwa wametoka pamoja tangu lini, Fundi alishindwa kukumbuka. Walinzi walimfahamu wakawapitisha. Walishuka kwa ngazi za upande wa ndani, zile zilizokuwa chini ya maji maisha yote, zenye ukoga mkavu uliovunjika kama majani makavu chini ya viatu. Mkewe alitangulia. Fundi alishika ukuta.

Kwa mara ya kwanza aliiona kazi yake kwa macho. Viraka vyake vilikuwa kila mahali, vya kijivu, na alivitambua kimoja kimoja kwa mahali vilipo, kwa sababu sura hakuwahi kuijua. Vingi vilikuwa vimedondoka. Si kwamba gundi ilikuwa imeachia. Gundi ilikuwa imeshika barabara, ila zege la nyuma yake lilikuwa limeoza likaanguka pamoja nayo, na chini ya ukuta viraka vilikuwa vimelala kifudifudi kwenye tope kavu, kila kimoja na kipande cha ukuta mgongoni. Kazi ya miaka mitano hapa, ya miaka minane pale. Mkewe hakuwa amekuja kwa hayo.

"Ni wapi?"

Akamwonyesha. Kiraka cha mguuni mwa ukuta kilikuwa kimekaa vile vile alivyokiacha, laini, duara, na katikati yake mdomo wa bomba. Mkewe alichuchumaa. Alikitazama muda mrefu, halafu akapima tundu kwa kiganja alichokitanua. Kiganja kilizidi.

"Ndiyo hapa?"

"Ndiyo hapa."

"Padogo hivi."

"Ndiyo."

"Miaka yote mimi nilidhani ni pakubwa," alisema. "Nilikuwa nalala naona shimo kubwa. Nikasema, shimo kubwa kama lile, labda hata mume wangu asingeweza." Hakumalizia. Alitoa mkono, akaupangusa kwenye kanga, ingawa haukuwa na vumbi.

Fundi alitaka kumwambia kuhusu ngazi, kuhusu sikio, kwamba aliuliza na akajibiwa imefungwa. Alikwisha kuyasema yote hayo miaka minne nyuma, na yalikuwa ya kweli wakati ule pia.

"Nilichoka kushuka," alisema tu. "Siku ile. Nilichoka kushuka ngazi."

Mkewe aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu ambacho hana nia ya kukinunua. Kisha akainuka.

"Twende. Nimeacha nguo kwenye kamba."

Alipanda mbele. Fundi alifuata akiwa ameshika ukuta, na kwa sababu ya kizunguzungu ilimbidi kusimama mara tatu. Kila aliposimama, mkewe naye alisimama, ngazi tano sita juu yake, akamngojea. Hakurudi chini kumshika, wala hakugeuka. Aliposikia viatu vyake vimeanza tena kukanyaga ukoga, naye akaendelea kupanda.